Kufundisha kutafuta na kupanga data: idadi kwanza, kitufe baadaye

Mwanafunzi wa Kidato cha 3 hahitaji hata dakika kumi kujua kitufe cha kupanga kiko wapi kwenye Microsoft Access, programu ya kanzidata. Kazi iko kwingine: orodha ikishatokea, ana uhakika gani kwamba imekamilika? Sharti likiandikwa vibaya na kuwaacha nje wanafunzi watatu, kompyuta hailalamiki. Inaleta orodha safi, iliyonyooka, na kila mtu anaiamini. Ndiyo maana katika mada hii yote nashikilia utaratibu mmoja: kabla ya kubonyeza chochote, mwanafunzi aandike kwenye daftari idadi ya rekodi (mistari ya jedwali) anazotarajia, akishabonyeza, aandike alizopata. Namba hizo mbili zikipishana, atafute sababu kabla ya kwenda swali linalofuata.

Utaratibu huo unadai data ya mazoezi iwe ndogo, ya kuhesabika kwa macho. Rekodi 40 zinatosha. Jedwali moja tu, WANAFUNZI, lenye nyuga (safu za jedwali) hizi: NambaUsajili, JinaKwanza, JinaUkoo, Jinsi, Kidato, Mkondo, TareheKuzaliwa, SimuMzazi, MchangoChakula na Wastani. Majina ya nyuga yasiwe na nafasi katikati, itakuokolea usumbufu mwingi mtakapofika kwenye SQL, lugha ya kuandikia maswali ya kanzidata. Majina ya watoto na namba za simu ziwe za kubuni. Usichukue orodha halisi ya shule. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina ya kwake ya 2019, na hata kama sheria zisingekuwepo, wastani wa mtoto na simu ya mama yake si vitu vya kusambaza kwenye kompyuta zote za maabara.

Tena usiisafishe data hiyo. Katika zile rekodi 40 pandikiza kasoro kwa makusudi: tatu hazina mkondo, mbili hazina wastani, majina mawili yana nafasi ya ziada mbele, jinsi imeandikwa "Ke" kwa wengi lakini kwa wachache ni "KE", "F" au "Kike". Weka Mohamed, Mohamedi na Muhammad. Weka Khadija na Hadija. Weka angalau mtu mmoja mwenye Ng' kwenye jina. Orodha ya kasoro hizo baki nayo mwenyewe. Data safi inamfundisha mwanafunzi kuiamini skrini, na shuleni au ofisini hatakutana nayo.

Kipindi cha kwanza hakihitaji umeme

Karatasi nne za A4, kila moja ikikatwa vipande vinane, zinatoa kadi 32. Toa moja, baki na 31. Kila kadi iwe na namba ya usajili ya tarakimu nne, jina, mkondo na simu ya mzazi. Zichanganye, mpe mwanafunzi mmoja atafute namba 0417 huku darasa likihesabu kwa sauti kila kadi anayoigeuza. Bahati ikimkataa, atazigeuza zote 31.

Sasa zipangeni kwa namba ya usajili kuanzia ndogo, mzilaze kifudifudi mezani kwa mstari. Safari hii afunue ya katikati, yaani ya 16. Namba anayoitaka iko chini au juu ya hiyo? Nusu moja inaondolewa, zinabaki 15. Afunue ya katikati ya hizo, zinabaki 7, halafu 3, halafu 1. Kwa vyovyote hafunui zaidi ya kadi 5. Wakiuliza data ikiwa kubwa inakuwaje, wapigie hesabu ubaoni: rekodi 1,000 hazizidi hatua 10, rekodi 1,000,000 hazizidi 20, kwa sababu kila hatua inatupa nusu ya zilizobaki.

Walimu wengi huishia hapo, na hapo ndipo utamu unapoachwa. Kadi zikiwa bado zimepangwa kwa namba ya usajili, mwambie mwanafunzi yuleyule atafute simu fulani ya mzazi. Mpangilio wote ule haumsaidii hata kidogo; anarudi kugeuza moja moja. Mpangilio huusaidia uga uliopangiwa tu. Aliyeliona hilo mezani hatapata shida ukimweleza baadaye kwamba kanzidata inaweza kutunza faharasa (index) pembeni kwa uga unaotafutwa mara nyingi, au kwamba kutafuta majina yanayoanza na "Mwa" kunaweza kuitumia faharasa hiyo, ilhali kutafuta yanayoishia na "wa" kunailazimu programu kupitia rekodi zote.

Kadi hizohizo zitumike kwa kupanga kwa nyuga mbili. Kundi moja ligawe kadi katika mafungu ya mikondo kwanza, kisha lipange majina ndani ya kila fungu. Kundi la pili lianze kupanga zote kwa jina, ndipo lizigawe kwenye mafungu ya mikondo bila kuvuruga mfuatano. Matokeo yanafanana. Njia ya kundi la pili ndiyo inayotumika ukipanga moja kwa moja kwenye jedwali la Access: unabonyeza uga wa ndani kwanza, JinaUkoo, halafu wa nje, Mkondo. Ila kwenye Query Design, dirisha la Access la kuundia maswali, mambo ni tofauti. Pale programu husoma kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo Mkondo lazima ukae kushoto kwa JinaUkoo. Mwanafunzi akiupachika JinaUkoo kushoto, atapata majina yamepangika vizuri lakini A na B zimetawanyika, naye atakwambia kupanga kumegoma. Mvute uga kwa kipanya hadi mahali pake, aone mwenyewe.

Kwenye jedwali: Ctrl+F na kichujio

Anza na Ctrl+F, kwa sababu kasoro yake inajitokeza papo hapo. Access hutafuta ndani ya uga uliosimama juu yake tu, na sanduku la Match huwa kwenye Whole Field. Aliyesimama kwenye Mkondo akatafuta "Juma" ataambiwa hakipo. Aliyesimama kwenye jina, lakini akaandika "Moha" akitarajia Mohamed, naye ataambiwa hakipo. Waonyeshe Any Part of Field na Start of Field, na wajaribu neno moja kwa njia zote tatu wakiandika idadi.

Kichujio kina mtego wa aina nyingine: hakifuti kitu, kinaficha. Mwanafunzi anachuja mkondo A, anasahau, anaanza kazi nyingine, halafu analia kwamba rekodi zimepotea. Wazoeshe kutupa jicho chini ya jedwali, pembeni ya namba ya rekodi, penye neno Filtered, Unfiltered au No Filter. Jumla ya rekodi iko palepale. Ikisomeka 17 badala ya 40, hakuna kilichopotea. Toggle Filter inarudisha zote.

Kama mliwahi kufanya kazi ya Excel kabla ya mada hii, tenga dakika tano kueleza tofauti moja. Kwenye Excel mtu anaweza kupanga safu ya majina peke yake na kuacha alama zilipokuwa, na kuanzia hapo kila mtoto ana alama za mwenzake. Kwenye jedwali la kanzidata rekodi husogea nzima nzima. Hii ni moja ya sababu za kweli za kuhamia kwenye kanzidata, na wanafunzi huikubali haraka kuliko ufafanuzi wowote wa kitabuni.

Masharti

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Ubaoni andika: "Onyesha wanafunzi wa mkondo A na mkondo B." Wengi wataandika "A" And "B" kwenye mstari wa Criteria, kama wanavyosema kwa mdomo, na watapata rekodi 0. Usiwape kanuni ya kukariri. Waambie wajiweke mbele ya rekodi moja na kuuliza: hii hapa, mmoja huyu, atimize nini ndipo apite? Hakuna mtoto aliye katika mikondo miwili kwa wakati mmoja. Anapita akiwa wa A au akiwa wa B. Swali hilo la rekodi moja linatatua karibu kila utata wa And na Or.

Kisha ongeza jinsi: "wasichana wa mkondo A au B." (Fanyeni hili baada ya kurekebisha tahajia za Jinsi, nitafika huko.) Chukulia mkondo A una watoto 17, wasichana wakiwa 8, mkondo B una 20, wasichana 10, na watatu hawana mkondo. Jibu sahihi ni 18. Kwenye Query Design masharti ya mstari mmoja hutimizwa yote kwa pamoja, na mstari unaofuata ni njia mbadala inayojitegemea. Mwanafunzi anaandika "Ke" na "A" mstari wa kwanza, halafu "B" peke yake mstari wa pili. Anapata 28: wasichana 8 wa A, pamoja na watoto wote 20 wa B, wavulana wakiwemo. "Ke" ilipaswa kurudiwa mstari wa pili.

Kosa hilohilo kwenye SQL lina sura hii:

SELECT * FROM WANAFUNZI WHERE Jinsi = 'Ke' AND Mkondo = 'A' OR Mkondo = 'B';

AND hushughulikiwa kabla ya OR, ndiyo maana 28 zinarudi. Mabano yanamaliza kazi: WHERE Jinsi = 'Ke' AND (Mkondo = 'A' OR Mkondo = 'B'). Au, kwa usomaji mwepesi zaidi, Mkondo IN ('A', 'B'). Bila utabiri wa 18 kwenye daftari, hakuna ambaye angeishuku ile 28.

Sasa swali ninalolipenda kuliko yote katika mada hii. Tafuta Mkondo = 'A', hesabu: 17. Tafuta Mkondo <> 'A', hesabu: 20. Jumla 37, na jedwali lina 40. Waache wahangaike kidogo. Wale watatu wasio na mkondo hawamo kwenye jibu lolote kati ya hayo mawili, kwa sababu thamani isiyojulikana hailingani na A wala haiwezi kusemwa kuwa inatofautiana na A. Kuandika Mkondo = NULL hakusaidii, kunarudisha 0. Njia ni IS NULL. Kwenye mstari wa Criteria unaandika Is Null. Na uga ulioachwa bila kitu si sawa na uga wenye maandishi matupu, yaani '': wa pili hautaonekana kwa IS NULL. Ukaguzi wa haraka ni SELECT COUNT(*), COUNT(Wastani) FROM WANAFUNZI. Kwa data yetu utaleta 40 na 38, na hapo umejua wawili hawana wastani bila kupekua. Sisitiza pia kwamba asiyefanya mtihani asiandikiwe 0. Sifuri ni alama. Kutokuwepo si alama.

Madaraja ya NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) kwa Kidato cha 4 yanafaa sana kufundishia mipaka. B ni 65 hadi 74, A inaanzia 75. Mwanafunzi anaandika Wastani BETWEEN 65 AND 74 na inaonekana sawa kabisa. Je, mwenye 74.5? Si B, na kwa sharti la >= 75 si A vilevile. Ametoweka. Wastani ukiwa na desimali, mpaka wa juu uandikwe kwa "chini ya": Wastani >= 65 AND Wastani < 75. Kama shule yenu inakadiria, 74.5 ikadiriwe kwanza, ndipo itafutwe.

Jambo moja dogo la Access linalowachanganya wanafunzi: sanduku la Enter Parameter Value likitokea bila kuitwa, maana yake jina la uga limekosewa, mathalani Wastan badala ya Wastani. Wengi hudhani programu inawauliza kitu, wanajaza namba na kuendelea.

Majina yetu

Mifano ya vitabu vya nje huishia kwenye Smith. Kwetu kuna Ng'ang'a, na jina hilo ndani ya SQL linaleta kosa: 'Ng'ang'a' inafungwa baada ya Ng, na yaliyobaki hayaeleweki. Alama ya ndani inaandikwa mara mbili: 'Ng''ang''a'. Mbaya zaidi ni pale majina yalipoandikwa kwenye Word kabla ya kuhamishwa. Word hugeuza alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, nazo kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti. Unatafuta jina unaloliona kwa macho yako na unaambiwa halipo. Chagueni moja kwa jedwali zima na mbadilishe nyingine.

Kwa majina yenye tahajia nyingi tumieni LIKE. Kwenye SQLite, programu nyingine ya kanzidata inayotumia SQL, asilimia inashika herufi zozote kwa idadi yoyote, hata bila herufi, na kistari cha chini kinashika herufi moja. JinaKwanza LIKE 'M_ham%' inawapata Mohamed, Mohamedi, Mohammed na Muhammad. LIKE '%adija%' inawapata Khadija na Hadija. Kwenye Access alama hizo kwa kawaida ni * na ?, na anayepeleka % huko atapata sifuri bila maelezo. Waulize pia kila mara sharti linaweza kumleta nani asiyetakiwa: 'M_ham%' itamleta na Mahamudu.

Tofauti nyingine ya programu hizi mbili: Access haijali herufi kubwa na ndogo inapolinganisha, kwa hiyo "Ke" na "KE" ni kitu kimoja. SQLite ukitumia alama ya sawasawa inajali, ukitumia LIKE haijali kwa herufi za kawaida. Data ileile, sharti lilelile, idadi mbili. Kabla ya swali lolote la jinsi, piga hii:

SELECT Jinsi, COUNT(*) FROM WANAFUNZI GROUP BY Jinsi;

Kwenye SQLite kila tahajia itajitokeza na idadi yake (Access itaziweka "Ke" na "KE" fungu moja), kisha UPDATE moja inaziweka sawa. Majina yenye nafasi mbele yanajifichua yenyewe ukipanga kwa jina, kwa sababu nafasi hutangulia herufi zote. Yatakaa juu kabisa, kabla ya Abdallah. TRIM inayaondolea.

Kupanga kunapodanganya

Namba iliyowekwa kwenye uga wa maandishi hupangwa 1, 10, 100, 11, 2. Ndiyo sababu namba za watahiniwa huandikwa 0001, 0002 hadi 0010: sifuri za mbele zinafanya mpangilio wa maandishi ufanane na wa namba. Upande wa pili, simu ikiwekwa uga wa namba inapoteza sifuri ya mwanzo, na ikianza na 255 haiingii kabisa kwenye Long Integer, aina ya namba nzima ya Access, ambayo kikomo chake ni 2,147,483,647. Kigezo rahisi cha kuchagua aina ya data: je, utaijumlisha? Wastani na mchango wa chakula, ndiyo. Simu na namba ya usajili, hapana, basi ni maandishi.

Tarehe iliyoandikwa 03/04/2008 kama maandishi hupangwa kwa siku, kwa hiyo wa tarehe 1 za miezi yote wanakaa pamoja. SQLite haina aina maalumu ya tarehe. Andikeni 2008-04-03 na itapangika vizuri. Kwenye Access tumieni Date/Time, ila ndani ya SQL yake #03/04/2008# husomwa Kimarekani, yaani Machi 4. Andika #2008-04-03# na utata unaisha. Miezi ikiandikwa kwa majina, Agosti inaongoza na Januari inafuata Februari. Weka namba ya mwezi kwenye uga wa pembeni.

Daraja la jumla lina kituko chake. Ukipanga I, II, III, IV na 0 kwa kupanda, 0 inakuja juu kabisa, kwa sababu tarakimu hutangulia herufi. Waliofeli wanaongoza orodha. Panga kwa pointi badala yake, na hapo pana funzo lingine: pointi 7 ni bora kuliko 17, kwa hiyo bora kwanza ni kupanda, wakati kwa wastani bora kwanza ni kushuka (DESC). Mwanafunzi aliyekariri "DESC ni kwa walio bora" atakamatwa hapa. Na akipanga Wastani kwa kupanda ili aone wanaohitaji msaada, Access na SQLite zote zitaweka juu wale wawili wasio na wastani. Aongeze WHERE Wastani IS NOT NULL. SQLite kwa kawaida huweka pia herufi kubwa zote mbele ya ndogo, hivyo Zuhura anamtangulia "amina" aliyeandikwa kwa herufi ndogo. ORDER BY JinaKwanza COLLATE NOCASE inarekebisha.

Mwisho kuna kumi bora. ORDER BY Wastani DESC LIMIT 10 kwenye SQLite inakata kwenye rekodi ya kumi hata kama wa kumi na wa kumi na moja wamelingana, na nani aachwe nje haina utaratibu unaoweza kuutegemea. TOP 10 ya Access inawaleta waliolingana wote, inaweza kutoa 11 au 12. Shule ikigawa zawadi kwa orodha hiyo, tofauti hiyo ni mtoto mmoja anayeitwa mbele na mwingine anayebaki kwenye kiti. Waambie wanafunzi waamue kabla ya kuandika swali: waliolingana wote waingie, au kuna uga wa pili wa kuwatenganisha? Uamuzi uandikwe juu ya orodha itakayobandikwa.

Kwa kupima uelewa, usiombe waandike sharti tu. Wape sharti, orodha iliyotoka na jedwali zima limechapwa kwenye karatasi, kisha uulize: nani amekosekana, nani ameingia kimakosa, na kwa nini. Maswali matano ya namna hiyo yanatosha kipindi cha dakika 40, na yanasahihishwa bila kuwasha kompyuta.